Senti: Neno Dogo na Hesabu Kubwa za Simiyu

Mwezi Julai 2019 nilikuwa nyumbani, katika kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka mjini Bariadi. Ulikuwa msimu wa pamba. Nilimsindikiza baba mdogo hadi kwenye ghala la chama cha msingi kupima mavuno yake. Tulisalimiana na waliotutangulia, mwangaluka huku na mwangaluka kule, tukaketi juu ya marobota kusubiri zamu yetu. Ilipofika, mshale wa mizani ulisimama kwenye kilo 43 na nusu. Karani, kijana mwenye adabu ambaye pengine ningeweza kumfundisha chuoni, aliandika 43.

Nilimwuliza ile nusu imekwenda wapi. Alitabasamu akasema, "Mwalimu, hivyo ni vijisenti tu."

Baba mdogo hakucheka. Alikaa kimya mpaka tulipotoka nje, ndipo akaniambia, "Mwanangu, baba yako na mimi tulilelewa na watu waliogombana na wanunuzi kwa robo ratili. Leo mtoto wetu wenyewe anatufutia nusu kilo, na anatufutia kwa neno la mzaha."

Nimekaa na kauli ile kwa muda mrefu. Mimi si mwanaisimu wala mchumi, lakini kazi yangu inanilazimu kujali maneno ambayo madaraka huyatumia. Neno "senti" limetoka mbali, limepita katika mikono mingi, na kwa bahati ya historia limepata baadhi ya maana zake zinazojulikana zaidi nchini kupitia watu wa Bariadi. Naomba, ndugu msomaji, tulifuate neno hili tangu mwanzo.

Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mia. Senti ni sehemu moja ya mia. Tumelipokea kutoka Kiingereza, lakini Waingereza waliotuletea hawakuwa na senti kwao. Hesabu yao ya fedha ilikuwa ya pauni, shilingi na peni: peni kumi na mbili kwa shilingi, shilingi ishirini kwa pauni. Waliendelea hivyo hadi Februari 1971, walipoigawa pauni katika sehemu mia, na hata hapo sehemu hizo wakaendelea kuziita peni. Senti ilikuwa chombo cha makoloni, kilichobuniwa kurahisisha hesabu za makarani katika nchi ambako rupia ya India ilikuwa imetangulia kufika.

Rupia hiyo ndiyo iliyotuachia "pesa". Pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, na 64 kati yake zilifanya rupia moja. Wajerumani walipotawala walianza kwa kuifuata hesabu hiyo, kisha mwaka 1904 wakaibadili: rupia moja ikawa heller mia. Kutokana na heller tukapata "hela". Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, walipozingirwa na kukosa sarafu, walizipiga wenyewe Tabora mwaka 1916, jirani kabisa na nchi ya Wasukuma. Walishindwa vita na kuondoka, hela ikabaki vinywani mwetu.

Baada ya vita, mwaka 1919, iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki yenye makao yake London. Baada ya mabadiliko ya haraka haraka ilikuja shilingi ya Afrika Mashariki, na shilingi hiyo iligawanywa katika senti mia. Sarafu za senti moja, tano na kumi zilikuwa na tundu katikati, zimezungukwa na picha za pembe za ndovu. Tundu lile liliwafaa watu: walizitunga sarafu kwenye uzi kama shanga. Watu wakazipa majina yao. Senti tano ikawa ndururu. Senti hamsini ikawa sumni, kwa Kiarabu sehemu ya nane, jina lililobaki kutoka siku za riale ya fedha.

Tazama basi jambo hili. Pesa, hela na senti, maneno matatu tunayoyatumia kila siku kwa maana ya fedha zote, yote yalikuwa majina ya vipande vidogo. Hatukuchukua jina la rupia wala la pauni kuwa jina la mali. Tulichukua jina la kipande kilichofika mkononi mwa mtu wa kawaida. Kwa mpagazi, mlima pamba na mlipa kodi, hicho ndicho kilichokuwa fedha. Serikali ya Kiingereza ilipoweka sheria ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922, kodi ilitajwa kwa shilingi, lakini mkulima aliifikia shilingi hiyo kwa kuhesabu senti.

Katika nchi yetu, kati ya Ntuzu na Maswa, njia kuu ya kuzipata senti hizo ilikuwa pamba. Bei yake ilitangazwa kwa senti kwa ratili. Hivyo mkulima alikuwa na mambo mawili ya kuyalinda: senti za bei na ratili za mizani. La kwanza lilikuwa nje ya uwezo wake, kwa kuwa bei ilipangwa mbali. La pili lilikuwa mbele ya macho yake, na hapo ndipo alipoibiwa. Malalamiko juu ya mizani ya wanunuzi binafsi yalikuwa mengi katika Jimbo la Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kujipanga, wakaweka watu wao wa kupima pamba upya kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutokana na juhudi hizo vyama vya ushirika vilizaliwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Chini ya uongozi wa Paul Bomani, shirikisho hilo likawa miongoni mwa vyombo vikubwa kabisa vya biashara vilivyomilikiwa na Waafrika barani.

Wanafunzi wangu hupenda kuisimulia historia ya uhuru kwa hotuba na bendera. Mimi huwakumbusha kwamba katika Usukuma siasa ilijifunzwa kwenye mizani. Mtu aliyetaka kujua kwa nini ratili kumi zimeandikwa tisa alikuwa tayari ameuliza swali la utawala: nani anapima, nani anaandika, na nani anamkagua anayeandika? Si ajabu kwamba Bomani huyohuyo, aliyeanza na wakia za pamba, alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru.

Nchi huru ilipata sarafu yake mwaka 1966, Benki Kuu ilipofunguliwa. Kizazi changu kinaikumbuka ile ya senti hamsini yenye picha ya sungura na ile ya senti ishirini yenye mbuni. Lakini wengi hawajagundua kwamba sarafu ya senti moja haikuwamo. Ndogo kuliko zote ilikuwa ya senti tano. Tangu siku ya kwanza ya fedha yetu wenyewe, senti moja iliishi katika hesabu tu, haikuwahi kushikika mkononi. Hata hivyo hesabu hiyo ilikuwa na uzito. Mwaka ule dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14, na hizo senti 14 hazikuwa za kudharauliwa. Mwaka 2019, tulipokuwa ghalani na baba mdogo, dola moja ilikaribia shilingi 2,300.

Kati ya tarehe hizo mbili ushirika nao ulipitia misukosuko. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais iliuchunguza baada ya malalamiko ya wakulima kwamba makato yanaongezeka na mapato yanapotea ndani ya vyama vyao wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu. Vilirudi katika miaka ya 1980, miaka ileile ambayo mfumuko wa bei uliifanya sumni isinunue kitu. Nilipokuwa darasa la kwanza sumni ilininunulia karanga. Nilipomaliza shule ya msingi tuliichezea kama kigae.

Senti ikafa sokoni, lakini haikufa katika lugha. Ilipopoteza thamani ya kununua, ilipata kazi nyingine nyingi. Asiye na kitu husema hana hata senti tano. Mwenye kukana deni husema hajachukua hata senti. Mhasibu mwaminifu husifiwa kwamba hesabu zake hulingana hadi senti ya mwisho. Ofisini, senti ilijificha ndani ya neno jingine la Kiingereza ikarudi kama "tenpasenti", sehemu ya kumi ambayo mwenye kalamu huidai ili mkataba upite. Yaani neno lililokuwa kipimo cha uaminifu limekuwa pia jina la rushwa. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anajua senti ipi husemwa kwa sauti na ipi husemwa kwa kunong'ona.

Hapa ndipo Bariadi inapoingia katika kamusi ya taifa. Katika uchaguzi wa mwaka 1995, John Cheyo wa UDP aligombea urais akiwaahidi Watanzania fedha mifukoni, na wananchi wakamwita Bwana Mapesa. Jina hilo lilikuwa na mzaha ndani yake, lakini pia lilikuwa na njaa: liliikuza pesa kwa kiambishi cha wingi na ukubwa, kama mtu aitazamavyo asiyekuwa nayo. Baadaye Cheyo akawa mbunge wa Bariadi Mashariki.

Upande wa pili, Bariadi Magharibi, mbunge alikuwa Andrew Chenge, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa miaka kumi. Aprili 2008, akiwa Waziri wa Miundombinu, vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kwamba wachunguzi wa nchi hiyo, katika uchunguzi wa ununuzi wa rada kutoka kampuni ya BAE Systems, walikuwa wamekuta akaunti yake katika kisiwa cha Jersey yenye zaidi ya dola milioni moja. Alipoulizwa na waandishi, alizitaja fedha hizo kuwa vijisenti. Siku chache baadaye alijiuzulu uwaziri. Haki inanitaka niseme kwamba alikana kufanya kosa, na kwamba hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa fedha hizo. Wapiga kura wake walimrudisha bungeni mwaka 2010 na tena mwaka 2015. Makala haya hayaamui kesi. Yanahusu neno.

Hivyo, kwa kipindi kimoja, Bariadi moja ilikuwa na wabunge wawili ambao taifa liliwajua kwa majina ya fedha: mmoja kwa kuikuza, mwingine kwa kuidogosha.

Tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kingetosheka na "visenti". Kile kiambishi cha kati, ji, huongeza udogo juu ya udogo, na mara nyingi huongeza dharau, kama vile kitu kinavyotofautiana na kijitu. Taifa lilisikia dharau hiyo na likakasirika. Dola milioni moja zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni moja. Kwa bei ya pamba ya mwaka 2019, ambayo ilikuwa ya juu kuliko ile ya 2008, mkulima angehitaji kuuza zaidi ya kilo laki nane ili azipate.

Lakini nimekulia huku, na najua kuna upande mwingine wa jambo. Msukuma mwenye zizi linalojaa ng'ombe hakuambii idadi yao. Atasema ana ving'ombe viwili vitatu. Akikuandalia mlo wa kushiba watu kumi, atakuomba radhi kwa kaugali kadogo. Kisukuma chenyewe kina viambishi vyake vya kudogosha, ka na tu, na wazee huvitumia kwa ustadi. Ni adabu, kwa kuwa majivuno huumiza jirani. Pia ni kinga, kwa kuwa historia iliwafunza wazee kwamba anayehesabu mifugo yako mara nyingi huja na kitabu cha kodi. Anayesema kwamba neno "vijisenti" katika kinywa cha mtu wa kwetu lingeweza kuwa na chembe ya desturi hiyo, simkatalii.

Tofauti, kwa maoni yangu, ipo katika swali lililoulizwa. Mzee mwenye ng'ombe anaidogosha mali yake mbele ya jirani ambaye ameliona zizi lake likikua kwa miaka arobaini. Hakuna anayemdai hesabu. Kiongozi wa umma anapoulizwa juu ya fedha, anaulizwa kwa niaba ya watu anaowatumikia, na jibu linalohitajika ni hesabu. Adabu ya unyenyekevu ikitumiwa mahali pa hesabu inakuwa pazia. Ndiyo maana neno lilelile humheshimisha mmoja na kumshushia heshima mwingine.

Kisa cha rada kilikuwa na mwisho ambao mwalimu yeyote wa lugha angeutamani. Mwaka 2010 BAE Systems ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu biashara ile ya Tanzania. Zingatia: kosa lililokiriwa lilikuwa la uandishi wa hesabu. Kampuni ilikubali kuilipa Tanzania takriban pauni milioni 29.5, na fedha hizo zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Watanzania wakaziita "chenji ya rada". Chenji ni kile ambacho mtoto hutakiwa kukirudisha nyumbani akitumwa dukani, na mzazi hukihesabu. Wananchi, bila kufundishwa na yeyote, walikuwa wameirudisha fedha ya umma mahali pake: tulikutuma, tuoneshe chenji.

Turudi sasa kwenye msimu ule wa 2019. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo ya pamba mbegu, na tulifurahi. Lakini senti ilikuwa inafanya kazi yake mahali pengine. Katika soko la New York, pamba nyuzi bado huuzwa kwa senti za Marekani kwa ratili, kama ilivyokuwa kwetu enzi za mkoloni. Mwezi Aprili bei huko ilizidi senti 75. Kufikia Agosti, katikati ya mvutano wa kibiashara kati ya Marekani na China, ilikuwa karibu na senti 60. Tofauti ya senti 15 ni moja ya tano ya bei yote. Wanunuzi waliopiga hesabu walisita kununua, na wakulima wengi wa Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, walikaa miezi kadhaa wakisubiri malipo ya mazao yaliyokwisha kuondoka ghalani. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Kwa mfanyabiashara wa pamba hakuna senti ndogo. Ni kwa mkulima peke yake ndiko tunakosema nusu kilo si kitu.

Nilipiga hesabu jioni ile kwenye karatasi, baba mdogo akiangalia. Tuseme chama kina wakulima 300, kila mmoja anapima mara tano kwa msimu, na kila mara anapoteza nusu kilo. Hizo ni kilo 750. Kwa bei ya shilingi 1,200 ni shilingi 900,000. Pamba hiyo haikuyeyuka. Ilikuwamo ghalani, ilipakiwa kwenye lori, na mtu fulani aliiuza. Sikuwa na ushahidi kwamba karani yule alikuwa mwizi, na sisemi kwamba alikuwa. Inawezekana alifundishwa tu kwamba tarakimu baada ya nukta hazina maana. Lakini pengo likiwa halina jina katika kitabu, halikosi mwenyewe wa kulijaza.

Asubuhi yake tulirudi ghalani. Baba mdogo alimwita kijana, hakupandisha sauti, akamwambia, "Mjukuu wangu, sijaja kukushtaki. Nimekuja uniandikie nusu yangu." Kijana alitazama chini, kisha akafungua kitabu, akaandika .5 pembeni ya 43 na kutia saini. Wazee wawili waliokuwa kwenye foleni wakatoa stakabadhi zao nao.

Kwa wanafunzi wangu, kwa wanaharakati na kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, nina ombi moja la vitendo. Ukikutana na neno linalodogosha kitu cha umma, liwe vijisenti, kautaratibu kadogo au kasoro ndogondogo, usilipinge kwa hasira wala usilicheke. Omba hesabu. Omba iandikwe hadi tarakimu ya mwisho, pamoja na saini. Waliotutangulia katika nchi ya pamba hawakuwa na shahada, na wengi hawakujua kusoma. Walijua mshale wa mizani umesimama wapi, na hawakukubali kuondoka mpaka karani auandike hapo hapo.